Nani Anaipima Bahari?



Mwaka jana, mwezi wa Septemba, nilitembelea darasa la kisomo katika kijiji kimoja cha wilaya ya Korogwe. Darasa hilo hukutana chini ya mwembe. Siku hiyo wanakisomo walikuwa wakisoma tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa juu ya mvua za vuli. Mama mmoja alilisoma vizuri mpaka mwisho. Kisha akaikunja karatasi na kuniuliza, "Mwalimu, hawa watu hawajafika shambani kwangu. Wanaangalia wapi hata waseme mvua itakuwa nyingi?"

Nilimjibu kwamba wanatumia vyombo. "Vyombo gani? Viko wapi?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini yule mama hakucheka. Alitueleza kwamba mwaka mmoja alisikia tangazo kama hilo, akauza mbuzi wawili akanunua mbegu ya mahindi, akapanda shamba lote. Mvua ikanyesha wiki mbili, ikakatika. Mbuzi walikwenda, na mahindi yakakauka.

Swali la mtu aliyepoteza mbuzi wawili haliwezi kujibiwa kwa kicheko. Basi nilikwenda kusoma na kuuliza, na somo hili ndilo jibu langu kwake na kwako wewe pia. Jibu linaanzia mbali sana na Korogwe. Linaanzia katika bahari ya Pasifiki, upande wa pili wa dunia.

Wavuvi wa Peru

Peru ni nchi ya Amerika ya Kusini. Pwani yake ina maji ya baridi, na maji hayo yana dagaa wengi mno. Zamani wavuvi wa huko waliona jambo. Miaka mingine, karibu na Krismasi, maji yaligeuka kuwa ya moto na dagaa wakatoweka. Kwa kuwa jambo hilo lilikuja wakati wa kuzaliwa kwa Yesu, walilipa jina la El Niño. Kwa lugha yao maana yake ni Mtoto wa Kiume, yaani Mtoto Yesu.

Kwa nini maji yanabadilika? Chukua bakuli pana la uji wa moto. Pulizia uji kutoka upande mmoja. Utaona utando wa juu unasogea na kurundikana upande wa pili. Pasifiki ni hivyo hivyo. Karibu na ikweta upepo huvuma kutoka mashariki kwenda magharibi, na huyasukuma maji ya moto ya juu mpaka karibu na Indonesia. Maji hurundikana huko hata usawa wa bahari ukawa juu kuliko upande wa Peru kwa kiasi cha nusu mita. Upande wa Peru maji ya baridi hupanda kutoka chini kujaza nafasi, nayo huleta chakula cha dagaa.

Sasa acha kupuliza. Utando wa uji unarudi. Upepo wa Pasifiki nao, kila baada ya miaka michache, hulegea. Maji ya moto hurudi mashariki. Mahali penye maji ya moto ndipo mawingu makubwa hupanda, kwa hiyo mawingu nayo huhama. Yakihama huko, mvua za nchi nyingine hubadilika pia, hata nchi za mbali.

Haya hayakujulikana kwa siku moja. Katika miaka ya 1920 Mwingereza mmoja, Gilbert Walker, ambaye alikuwa amefanya kazi ya hali ya hewa India, aliandika kwamba uzito wa hewa juu ya Pasifiki na juu ya Bahari ya Hindi hupanda na kushuka kama mizani. Upande huu ukipanda, ule unashuka. Hakujua sababu. Mwaka 1969 Jacob Bjerknes, profesa wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, ndiye aliyeeleza kwamba mizani ya Walker na maji ya moto ya wavuvi wa Peru ni jambo moja.

Mwaka ambao hakuna aliyeona

Mwaka 1982 El Niño kubwa sana ilianza. Je, wataalamu waliiona? Hapana. Katika bahari ile kubwa vyombo vya kupimia vilikuwa vichache. Setilaiti, yaani vyombo vinavyozunguka dunia huko juu, zilikuwepo. Lakini mwaka huo huo mlima wa moto wa El Chichón ulilipuka nchini Mexico, vumbi lake likatanda angani, na vipimo vya setilaiti vikapotoka. Wataalamu walipotambua kwamba bahari imegeuka, ilikuwa imekwisha kugeuka. Mafuriko yalikuwa Peru, ukame ulikuwa Australia na Indonesia.

Fikiri juu ya hilo. Nchi yenye meli, setilaiti na maprofesa wengi ilipitwa na jambo kubwa kama hilo. Walijifunza kwamba profesa peke yake hatoshi, na serikali peke yake haitoshi.

Kila mmoja na kazi yake

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha somo. Marekani ina shirika la serikali linaloshughulikia bahari na hewa. Linaitwa NOAA, nalo liliundwa mwaka 1970. Shirika hilo lina meli, lina fedha za kodi, na lina wajibu wa kupima kila siku, Jumapili na sikukuu pia. Lakini mtumishi wa serikali ana kazi za kumaliza leo. Hana nafasi ya kukaa miaka mitano akiuliza swali moja tu.

Chuo kikuu kina nafasi hiyo. Kina walimu wanaouliza maswali na wanafunzi wanaokesha wakitafuta majibu. Lakini chuo kikuu hakina meli za kutosha, na mwanafunzi akihitimu huondoka. Nani atapima bahari mwaka ujao?

Basi pande hizi mbili ziliandikiana mikataba. Ya kwanza ilikuwa mwaka 1967, kati ya idara iliyoitangulia NOAA na Chuo Kikuu cha Colorado. Mwaka 1977 ikafuata mikataba na Chuo Kikuu cha Washington kilichoko mjini Seattle, na Chuo Kikuu cha Hawaii. Katika mikataba kama hii serikali hutoa fedha na vyombo. Chuo hutoa wataalamu na mahali pa kufanyia kazi. Wanafunzi hujifunza kwa kazi ya kweli, na baadhi yao baadaye huajiriwa na serikali. Ni kama kisima cha kijiji. Idara ya maji inaleta pampu na fundi, kijiji kinatoa ardhi na nguvu kazi. Pampu bila watu wa kuitunza huota kutu, na watu bila pampu hubaki wakichota matope.

Usidhani kwamba pande hizi hazigombani. Serikali hutaka jibu kabla ya mwezi kwisha, mtaalamu naye hutaka miaka mitatu zaidi ili awe na hakika. Mimi naona ugomvi huo una faida yake. Mmoja huzuia uzembe, mwingine huzuia haraka.

Boya la bahari kuu

Sasa tufike kwenye vyombo alivyouliza yule mama.

Baada ya mwaka 1982 wataalamu wa maabara ya NOAA mjini Seattle, wakisaidiana na wenzao wa vyuo vikuu na wa nchi nyingine, walianza kutega maboya katika Pasifiki. Watu wa pwani wanalijua boya. Boya hili ni kubwa. Lina umbo la duara lenye tundu katikati, kama tairi, na upana wake ni zaidi ya mita 2. Juu yake umesimama mlingoti wenye vyombo vya kupima upepo, joto la hewa na unyevu wa hewa. Chini yake inashuka kamba ndefu. Sehemu ya juu ya kamba ni waya wa chuma uliovikwa plastiki, maana samaki huweza kuitafuna kamba ya kawaida. Katika waya huo vimefungwa vipimajoto, kimoja chini ya kingine, mpaka kina cha mita 500.

Bahari hapo inaweza kuwa na kina cha mita 5,000 na zaidi. Ni nanga gani itashika boya mahali kama hapo? Walitumia magurudumu makuukuu ya treni. Waliyafunga pamoja, wakayatosa. Mimi nilipoyasoma haya nilifurahi sana. Kazi ya maprofesa na kompyuta inashikiliwa na vyuma chakavu vya reli!

Kila siku boya hutuma vipimo vyake kwa setilaiti, na setilaiti huvishusha nchi kavu. Vipimo hivyo hupewa mtu yeyote bila malipo. Mtabiri wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuvisoma siku ile ile.

Kwa nini kupima chini, wakati mvua hutoka juu? Kwa sababu maji ya moto husafiri chini kabla hayajaonekana juu. Hutoka magharibi ya Pasifiki, huvuka bahari chini kwa chini kwa muda wa miezi miwili au mitatu, kisha huibuka mashariki. Mwenye kipimajoto chini ya maji huyaona yakija. Asiyekuwa nacho huyaona yamefika.

Kazi ya kutega maboya ilikamilika mwaka 1994. Yalikuwa kama 70, kutoka karibu na kisiwa cha Guinea Mpya mpaka karibu na Amerika ya Kusini, njia ndefu inayozidi theluthi ya mzunguko wa dunia. Kila mwaka ni lazima meli iyafikie kuyasafisha na kubadilisha vyombo. Kuna tatizo lingine ambalo wavuvi mtalielewa upesi. Samaki wakubwa kama jodari hupenda kukusanyika chini ya kitu kinachoelea. Wavuvi wakalijua hilo. Meli za uvuvi hufunga kamba zao kwenye maboya, na vyombo huvunjika. Siwalaumu sana, njaa haina shule, lakini kila boya linalovunjika ni jicho moja lililofumba.

Mwaka 1997

Wakati maboya yalipokuwa yakitegwa, wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Columbia, Mark Cane na Stephen Zebiak, walitunga hesabu za kompyuta za kuiga bahari na upepo. Mwaka 1986 hesabu zao zilisema El Niño itakuja, nayo ikaja. Ilikuwa mara ya kwanza kutabiriwa kwa njia hiyo. Mwaka 1997 hesabu hizo hizo zilikosea, zikashindwa kuiona El Niño kubwa kuliko ile. Lakini maboya yaliiona. Mapema mwaka huo vipimajoto vya chini vilionyesha maji ya moto yakisafiri kwenda mashariki.

Mimi nilikuwa mtoto wa miaka tisa. Mvua za vuli zilianza Oktoba na hazikukoma. Krismasi ilipita, Januari ikaingia, mvua bado. Kijito kilicho karibu nasi kilichukua daraja, na dukani hapakuwa na chumvi wala mafuta ya taa. Baba alivuka maji yaliyomfika kifuani kwenda kutafuta dawa ya mdogo wangu. Alirudi nayo siku ya pili. Kwetu hatukujua kwamba mvua ile ilikuwa imeonekana baharini miezi mingi kabla. Habari ilikuwepo, ila haikutufikia.

Kaskazini mashariki ya Kenya na Somalia ilikuwa mbaya zaidi. Baada ya mafuriko ukazuka ugonjwa wa homa ya Bonde la Ufa. Mayai ya mbu wanaoueneza hukaa katika udongo mkavu wa mabondeni, yakingoja maji. Mafuriko yakija, mbu huanguliwa kwa wingi. Mifugo hutupa mimba, na watu huambukizwa na mbu au wanapochinja na kushika mnyama mgonjwa.

Mwaka 2006 bahari ilipopata joto tena, watafiti wa Marekani walitoa onyo juu ya homa hiyo wiki kadhaa kabla haijaanza. Onyo lilikuwa sahihi. Lakini chanjo ya mifugo ilifika baada ya ugonjwa kuanza. Mwaka 2007 zaidi ya watu 100 walikufa katika Tanzania, na mkoa wa Dodoma ndio ulioumia zaidi.

Bahari yetu wenyewe

Mwaka 1999 lilikuja jambo jipya. Watafiti wa Japani, na wengine wa Chuo Kikuu cha Colorado, waliandika kwamba Bahari ya Hindi nayo ina mizani yake. Miaka mingine maji ya upande wetu, yaani pwani ya Afrika Mashariki, huwa ya moto kupita kawaida, na maji ya upande wa Sumatra huwa ya baridi. Hapo mawingu huja kwetu. Mwaka 1997 mizani hii iliinama upande wetu wakati mmoja na El Niño ya Pasifiki. Ndiyo maana mvua zilizidi kiasi.

Mwaka 2015 El Niño ilikuwa kubwa mno, na watu wengi waliogopa mafuriko kama ya 1997. Hayakuja kwa ukubwa ule. Lakini mwaka 2019, bila El Niño kubwa, Bahari ya Hindi iliinama sana upande wetu, na vuli ikaleta mafuriko Kenya, Somalia na sehemu za Tanzania. Kwa hiyo mtu akikuambia "El Niño inakuja, basi tutazama," mwulize, "Na Bahari ya Hindi inasemaje?"

Maboya yalianza kutegwa katika Bahari ya Hindi pia kwa ushirikiano wa nchi kadhaa, zikiwemo India, Japani, Indonesia na Marekani. Upande wetu wa magharibi kazi ilichelewa. Sababu ni maharamia wa Somalia. Meli ya utafiti huenda polepole na husimama mahali pamoja kwa saa nyingi, ni mawindo rahisi.

Hata palipo na amani, jicho hufumba fedha zikikosekana. Mwaka 2012 NOAA iliiondoa kazini meli iliyokuwa ikihudumia maboya ya Pasifiki. Maboya yakaanza kunyamaza moja baada ya jingine. Mwanzoni mwa mwaka 2014 vipimo vilivyopatikana vilishuka mpaka kama asilimia 40. Wataalamu wa vyuo vikuu walipiga kelele, fedha zikatafutwa, na kabla mwaka haujaisha sehemu kubwa ya maboya ilikuwa inafanya kazi tena. Huu ni upande mwingine wa ushirikiano. Mwenzako anapolala, unamwamsha.

Kwetu je? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1978. Chuo Kikuu cha Nairobi kimefundisha wataalamu wa hali ya hewa wa nchi nyingi za Afrika. Mwaka 1996 NOAA na Chuo Kikuu cha Columbia walianzisha taasisi ya utabiri wa misimu, na mwezi wa Februari 1998 watabiri wa nchi zetu walikutana Nairobi kwa mara ya kwanza ili kupatana juu ya utabiri mmoja. Mikutano hiyo inaendelea mpaka leo. Tangazo alilolisoma yule mama chini ya mwembe lina damu ya mikutano hiyo.

Kulisoma tangazo

Nilirudi Korogwe na mfuko wa maharage. Nilimwomba yule mama ahesabu maharage 45 mekundu, 30 ya manjano na 25 meupe, ayachanganye katika mfuko.

Nikamwambia hivi. Watabiri hupanga miaka iliyopita katika mafungu matatu yaliyo sawa: miaka ya mvua nyingi, miaka ya wastani, na miaka ya mvua chache. Wakisema mvua ya juu ya wastani ina nafasi ya asilimia 45, wastani 30, na chini ya wastani 25, wanasema wameuona mfuko kama huu. Mkono wa kuchota si wao.

Yule mama alifumba macho akachota punje moja. Nyeupe. Darasa zima lilipiga kelele. Alichota mara kumi, akirudisha punje kila mara. Nyeupe zilitoka mara tatu.

Alikaa kimya, kisha akasema, "Kumbe mwaka ule hawakunidanganya. Mimi nilidhani mfuko wote ni mwekundu." Halafu akaniuliza kama mtu akiwa na ekari mbili anaweza kupanda moja mahindi na moja mtama. Nilimjibu kwamba hilo amwulize bwana shamba, na kwamba hata mimi ningefanya hivyo.

Maswali na kazi

1. Wavuvi wa Peru waliona nini, na kwa nini waliita El Niño?
2. Kwa nini vipimajoto vya boya hufungwa chini ya maji mpaka mita 500?
3. Zungumzeni katika darasa: kazi gani ya kijiji chenu haiwezi kufanywa na serikali peke yake, wala na wanakijiji peke yao?
4. Tafuteni mfuko na maharage. Chukueni tangazo la mvua la msimu huu, mhesabu punje kama lilivyosema, mchote mara ishirini na kuandika matokeo.
5. Chukueni kopo lenye mdomo na kitako vya upana mmoja, mliweke mahali pa wazi mbali na miti na mapaa. Kila asubuhi saa tatu pimeni maji kwa rula, mwandike tarehe na kiasi katika daftari, kisha mmwage. Siku isiyo na mvua andikeni sifuri.